Kwa anayeanza kukusanya sarafu za platini

Ukienda kununua sarafu ya platini, usiishie kuuliza bei. Muulize muuzaji palepale: "Nikikurudishia leo hii, utanipa ngapi?" Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo gharama yako halisi, na kwenye platini huwa kubwa kuliko kwenye dhahabu kwa sababu wanunuzi ni wachache. Kodi nayo huongeza mzigo: Uingereza haitozi VAT kwenye dhahabu ya uwekezaji, lakini platini inatozwa asilimia 20.

Thamani iliyoandikwa usoni isikusumbue. Platinum Eagle ya Marekani ya aunsi moja imeandikwa dola 100, ila huuzwa kwa kufuata gramu 31.1 za platini iliyomo. Bei ya madini yenyewe hupanda na kushuka vibaya. Mwaka 2008 ilivuka dola 2,000 kwa aunsi, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka chini ya 1,000. Kwa hiyo fedha ya ada au kodi ya nyumba isiguse huku.

Juu ya bei ya madini kuna nyongeza ya uhaba, kama kwenye Noble, sarafu ya platini ya kisiwa cha Isle of Man iliyoanza 1983, au Eagle ndogo za uwekezaji (za chini ya aunsi moja) zilizokoma 2008. Ushauri wangu: anza na aunsi nzima za kawaida. Nyongeza hiyo ilipe tu ukishamjua mtu atakayekubali kukulipa nawe.

Halafu jifunze kupima kama sarafu ni halali, hili nalisisitiza sana. Tafuta mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Weka juu yake kikombe cha maji, irudishe kwenye sifuri, kisha ninginiza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba utakayoona ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu, si wa sarafu yenyewe: aunsi moja ya platini itasoma takriban gramu 1.45. Tungsteni, inayotumika sana kughushi dhahabu, ikiwa na uzito uleule itasoma kama 1.62, madini ya fedha yatakaribia 3. Ondoa mapovu ya hewa yaliyoganda kwenye sarafu, maana yanaongeza namba na unaweza kuikataa sarafu halali. Metali nzito kama platini kwa ujazo uleule ni chache na si rahisi kupatikana, ndiyo maana kipimo hiki nakiamini.

Ukimaliza, igusishe kitambaa laini ikauke, uishike kwa ukingo. Usiisugue kamwe.