Penseli ya Nne Ilipoingia Nyumbani

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa darasa la nne anafaulu vizuri Historia ya Tanzania na Maadili, lakini kila wiki anarudi na penseli isiyo yake. Hawa walimu wanafundisha nini? (Mama, Ujiji)

Marahaba, mama. Walimu wamefundisha na mtoto ameshika. Mtihani unauliza kama anajua kuiba ni kosa, naye anajua. Mimi nakuuliza wewe: penseli ya kwanza ilipoingia nyumbani, nani alimuuliza imetoka wapi? Ya nne ikipokelewa kimya, hapo napo amefundishwa. Kesho nenda naye, airudishe kwa mkono wake na amwombe mwenzake radhi. Isifanyike paredini mbele ya shule nzima, maana mtoto aliyeaibishwa hujifunza kuficha. Na anayekudai akibisha hodi, usimtume mtoto akaseme "mama hayupo".

Je, mwalimu anaruhusiwa kumchapa mwanafunzi? (Wasomaji wanne, Mwanga na Kibirizi)

Jamani, swali hili kila mwezi! Kanuni ni za mwaka 2002, zisomeni. Mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko havizidi vinne, na kila adhabu huandikwa. Mwalimu wa zamu anayejichapia tu mstari mzima wa wachelewaji amevunja kanuni. Nenda ofisini, kwa adabu, uulize iliandikwa wapi. Mimi mwenyewe nilishika fimbo miaka yangu ya mwanzo kazini. Darasa lilinyamaza, nilipogeukia ubao, yote yalirudi palepale.

Nimpe mwalimu chochote ili mwanangu awe kiranja? (Baba, Kasulu)

Hapana, na usithubutu.

Binti yangu wa darasa la tatu ni mkimya mno. Nimpeleke bweni achangamke? (Mama, Kibondo)

Tangu Machi 2023 serikali imezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, na mimi naiunga mkono. Ukimya si ugonjwa. Mpe shughuli zenye mazungumzo: aende sokoni apatane bei ya dagaa, arudi na chenji na maelezo. Mgeni akimuuliza jina, usimjibie.

Wenzake wanamwita mwanangu "mkimbizi" kwa sababu ya lafudhi yake. Nimwambie awarudishie? (Mama, Gungu)

Asirudishe. Swali lako limeniuma, mama. Mkoa wetu wa Kigoma umepokea wakimbizi kutoka Burundi tangu 1972, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996. Kiha na Kirundi vinasikilizana hata bibi zetu husalimiana na Mrundi sokoni bila mkalimani. Mtoto wa miaka minane hakulitunga tusi hilo. Amelisikia kwetu sisi wakubwa, tunapogombania shamba au bei, kisha tunashangaa likifika darasani. Wazazi wa watoto hao, nasema nanyi.

Wewe usingoje kikao cha wazazi. Mwone mwalimu wa darasa, umwombe awape watoto hao kazi moja, tuseme bustani ya shule, na mwanao awe na dhamana yake: yeye ndiye ashike ufunguo wa stoo ya majembe. Na kama ukoo wenu ulivuka mpaka, mwambie mtoto bila kunong'ona: nani alivuka, mwaka gani, na alilima nini alipofika.