Wadogo zangu wa lokesheni, magari hayalipiwi kwa tetesi

Jumanne nilikuwa gereji Kijenge nasubiri springi za gari. Akatokea dogo mmoja wa kwetu, yule mrefu aliyeanza kama runa, yaani wa kutumwatumwa kwenye kazi za filamu, anatabasamu mpaka magego yanaonekana. "Shangazi, shikamoo. Nimeshika Cruiser nne za Julai." Nimeshika, maana yake ameshatoa kishika uchumba. Nikamuuliza mkataba uko wapi. Hana. Ana barua pepe ya prodyuza inayosema wanatarajia kuja. Nikamuuliza kama anajua mkataba wa waigizaji wa Marekani na studio za Hollywood unafika mwisho Juni 30, 2026, na wasipoelewana wanaweza kugoma. Anajua! Akanijibu kifua mbele: "Studio waliungua kwa mgomo wa 2023, hawawezi kurudia. Hata wakigomewa, ni wiki mbili tu."

Nilikaa juu ya tairi bovu nikacheka, naye akadhani nimefurahi. Hayo ya wiki mbili ni maneno yangu mimi ya mwaka 2023, hakuongeza wala kupunguza. Basi nawaandikia, nyie wote mnaoniita shangazi na bado hamsomi mikataba.

1. Vibali. Cha Bodi ya Filamu ni kimoja, cha TANAPA, wenye hifadhi za taifa, kingine, cha Ngorongoro kingine, na drone ina cha kwake. Tembea na nakala za karatasi.

2. Posho ya madereva ilipwe jioni ile ile. Dereva aliyelala na njaa Longido ataendesha kama mtu aliyelala na njaa Longido.

3. Usitume makubaliano ya pesa kwa voisi noti. Hii nitairudia hapo chini, kwa uchungu.

4. Jua bosi wa mwisho ni nani, na ana tumbo la aina gani. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo vuteni stuli.

Machi 2023 nilipata kazi ambayo mpaka leo wifi yangu akiitaja natazama pembeni. Siku 12 za Agosti, Natron na Longido, waigizaji wawili kutoka Marekani, magari tisa. Pesa inatoka Los Angeles, inapitia kwa wakala London, inafika kwangu. Mei 2 waandishi wa skripti wa Marekani wakagoma. Sikushtuka, skripti yetu ilishakamilika, wao wagome tu. Mwezi wa nane mnaujua: nyumbu wako Kogatende, Cruiser haipatikani, na mwenye gari hakushikii bila hela. Nikatoa 700,000 kwa kila gari, mfukoni kwangu, jumla 6,300,000. Wakala nikamtumia voisi noti ya dakika tatu nikimweleza. Akajibu kwa kidole gumba.

Mgomo wa waigizaji ulianza Julai 14, saa sita na dakika moja usiku kwa saa za Los Angeles. Kwetu ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, mimi niko Kaloleni kwa mama ntilie na bakuli la mtori. Simu ikalia: simamisha kila kitu. Nikauliza, si hawa wawili watakuwa Tanzania, nani atawaona? Nikaambiwa chama chao, SAG-AFTRA, kina kanuni ya kwanza inayomfuata mwanachama popote duniani. Hata Longido. Mtori ulipoa mbele yangu.

Mtu mwenye akili angewapigia wenye magari saa hiyo hiyo akomboe anachoweza. Mimi nikapiga hesabu. Nikajiambia studio hazitengenezi kitu, zinapoteza hela kila siku, wiki mbili nyingi watasaini. Nikawaambia wenye magari wasimpe mtu. Agosti ikaja timu ya Wajerumani, dokumentari ya wakulima wa kahawa, siku tisa Marangu na Old Moshi. Dokumentari haikuguswa na mgomo, haina mwigizaji wala skripti ya chama. Nikawajibu kwa maringo kwamba magari yangu yana watu. Kazi ile ikachukuliwa na kijana niliyemfundisha mwenyewe kukunja kebo. Alinunua friji.

Septemba 27 waandishi wakarudi kazini. Nikapiga vigelegele, nikasema mlango umefunguka, nikakopa kikoba 2,500,000 nikashika magari matano ya mwisho wa Oktoba kwa laki tano tano. Mdhamini ni wifi. Yaani mgomo wa waandishi ndio ulioisha, wa waigizaji bado upo barabarani, na mimi nalipa. Oktoba 11 mazungumzo ya waigizaji yakavunjika. Wao waligoma siku 118, mpaka Novemba 9. Waandishi siku 148. Kikoba chetu hukaa Sakina kila Jumamosi, na Jumamosi zile nilikuwa nafika mapema nipate kiti cha nyuma.

Nikadai nirudishiwe gharama. Wakala akanielekeza kwenye kifungu cha majanga, ukurasa wa 14, mimi niliishia ukurasa wa sita penye malipo. Tetemeko, mafuriko, vita, mgomo. Gharama zitakazorudishwa ni zile tu zilizokubaliwa kwa maandishi. Nikamkumbusha voisi noti. Akasema voisi noti siyo maandishi. Kidole gumba je? Hakujibu. Mzee mmoja wa Mto wa Mbu alinirudishia 350,000 kwa huruma. Zilizobaki, 8,450,000, zilikwenda na upepo wa Natron.

Sasa kosa lenyewe. Niliposikia "studio" niliona mtu mmoja mwenye pochi moja. Kumbe upande ule ni kikao. Hao AMPTP, muungano wa studio na watayarishaji, wanajadiliana kwa niaba ya kampuni zaidi ya 350, na ndani yake mna Disney, Netflix, Amazon, Apple, Sony, Paramount, NBCUniversal na Warner Bros. Discovery. Wekeni mfano wa Arusha. Waite wamiliki watatu: mmoja ana Cruiser moja ya mkopo wa benki, mwingine ana magari 60 na lodge Karatu, wa tatu ana maduka ya vipuri na magari matatu ya kujifurahisha. Halafu madereva wagome mwezi wa nane. Wa kwanza anatafuta kalamu. Wa pili anatafuta kikokotoo. Wa tatu anaagiza chai.

Apple inauza simu, Amazon inauza mpaka sabuni, filamu kwao ni kitu cha kumvuta mteja asitoke dukani. Hao ndio wa chai. Disney, NBCUniversal na Paramount wana vituo vya televisheni vinavyohitaji tamthilia mpya kila vuli, na Disney na wenzake wana tarehe za majumba ya sinema, na bila mwigizaji wa kuitangaza filamu tarehe hiyo haina maana. Sony haina huduma kubwa ya striming, yaani ya kutazama kwa intaneti, ya kujumuisha kila kitu kama wenzake, inaishi kwa kutengeneza na kuwauzia wengine. Netflix ghala limejaa, na inapiga kazi Korea, Hispania na kwingine kwa waigizaji ambao si wanachama wa chama cha Marekani. Na hata hao waliokuwa wanaumia, walikuwa wanaumia kwa kuchelewa. Netflix, Julai ile ile, ilipandisha makadirio ya fedha zitakazobaki mkononi mwaka huo kutoka dola bilioni 3.5 hadi angalau bilioni 5, sababu mojawapo ni kwamba kamera zimezimwa. Warner Bros. Discovery ilisema robo ya pili iliokoa zaidi ya dola milioni 100 kwa mgomo, kisha Septemba ikatangaza kwamba faida ya mwaka itapungua kwa milioni 300 hadi 500. Mnaona? Kwanza unashiba, baadaye ndiyo tumbo linakuuma. Mimi nilianza kuhesabu maumivu yao siku ya kwanza, wakati wao wako kwenye kushiba.

Ndiyo maana kuvutana kulikuwa kwa aina mbili, chama dhidi ya kikao, na kikao chenyewe kwa chenyewe. Swali la takwimu za watazamaji, kwa mfano. Waandishi na waigizaji wanataka walipwe zaidi kazi ikitazamwa sana kwenye striming. Mwenye kituo cha televisheni amezoea namba zake kuwa hadharani miaka nenda rudi. Mwenye striming namba zile ndizo siri ya duka. Huyo hawezi kukubali kwa kasi ya yule. Kwa hesabu ya chama cha waandishi, madai yao yalikuwa ya dola milioni 429 kwa mwaka na walichopewa mwanzoni kilikuwa milioni 86. Walisaini kwenye kama 233. Mambo yalisogea pale wakuu wanne walipokuja wenyewe mezani: Iger wa Disney, Sarandos wa Netflix, Zaslav wa Warner, Langley wa NBCUniversal. Apple na Amazon hawakutuma wakuu wao. Sishangai, chai ilikuwa bado moto.

Hiyo inanipeleka kwenye namba tano, ambayo ilitakiwa kuwa namba moja lakini nimeshachelewa: muulize prodyuza wako kama kampuni yake imo ndani ya kikao hicho au haimo. A24, kampuni ya filamu ya Marekani, haikuwemo, ikapata ruhusa ya muda ya SAG-AFTRA, ikaendelea kupiga kazi wakati wakubwa wamefunga. Na muulize waigizaji wako chini ya mkataba wa chama gani. Uingereza kuna tamthilia kubwa haikusimama kwa sababu watu wake walikuwa wameajiriwa kwa mkataba wa Equity, chama cha waigizaji wa kule, na sheria ya kule haiwaruhusu kugoma kwa kuwaunga mkono wenzao. Maswali mawili, dakika tano. Mimi sikuuliza hata moja, niliuliza kama watakula nyama ya mbuzi.

6. Tarehe ya mkataba kuisha siyo tarehe ya mgomo. 2023 wa waigizaji uliisha Juni 30, ukasogezwa hadi Julai 12.

7. Kolishiti, ile ratiba ya kuita watu kazini, ya kesho itoke kabla ya saa mbili usiku, madereva nao wana watoto.

Na wewe dogo mrefu. Mwenye magari wa Kijenge nimeongea naye, tumetoka mbali. Mbili anarudisha hela yote. Mbili amekataa, anataka umletee mteja mwingine wa tarehe hizo hizo. Wajerumani wa kahawa wanarudi Marangu mwezi huo, wanahitaji magari mawili, namba yao ninayo. Wape bei ya kawaida, usiwapandishie. Na uwaandikie barua pepe, usije ukawatumia voisi noti.