Filamu ikienda jukwaani inapata nafasi ya kurudiwa

Swali la wiki hii linauliza: filamu nzuri ikigeuzwa mchezo wa nyimbo jukwaani, inapata nini ambacho haikuwa nacho? Kwa maoni yangu inapata nafasi ya kurudiwa na kurekebishwa. Mfano wangu ni Monsoon Wedding ya Mira Nair, mwongozaji ambaye sisi Waganda tunamhesabu kuwa wetu pia. Ameishi Kampala miaka mingi, na mwaka 2004 alianzisha huko warsha ya filamu iitwayo Maisha, ambako vijana wa Afrika Mashariki hufundishwa kuandika na kutengeneza filamu.

Filamu hiyo ilirekodiwa kwa siku 30 hivi, kamera ikishikwa mkononi, na mwaka 2001 ikatwaa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Venice. Familia ya Kipunjabi mjini Delhi inaoza binti, jamaa wanamiminika kutoka ng'ambo, na mvua inakaribia. Filamu ikishatoka imetoka, hata mwenyewe haigusi tena. Jukwaani mambo ni mengine. Nair aliiongoza kama mchezo wa nyimbo kwa mara ya kwanza mwaka 2017 katika ukumbi wa Berkeley Rep, California, kwa muziki wa Vishal Bhardwaj. Safari ya Leeds na London iliyopangwa mwaka 2020 ikavunjwa na korona. Mwaka 2022 mchezo ukaonyeshwa Doha, msimu wa Kombe la Dunia, na mwaka 2023 ukafika Brooklyn, katika ukumbi wa St. Ann's Warehouse ambao zamani ulikuwa ghala la tumbaku. Katikati ya safari hiyo hati iliandikwa upya: Sabrina Dhawan, aliyeandika filamu, akaungana na Arpita Mukherjee, na kwenye mashairi ya nyimbo Masi Asare akaongezeka kando ya Susan Birkenhead. Yaani zaidi ya miaka ishirini baada ya filamu, hadithi ileile ilikuwa bado inafanyiwa kazi.

Kazi hiyo ina sababu. Kwenye filamu kuna Dubey, fundi wa mahema na mapambo, mtu wa kelele na simu zisizokwisha, anayempenda Alice, mtumishi wa nyumba ile. Tunamwona akitafuna maua ya rangi ya chungwa ya mapambo yake mwenyewe, na kamera iko karibu kiasi kwamba tunamjua moyoni kabla hajasema neno. Aliyeketi safu ya nyuma ya ukumbi hawezi kuuona mdomo ule. Kwa hiyo kinachobebwa na uso kwenye filamu, jukwaani lazima kibebwe na wimbo na mwili mzima, na wimbo wa namna hiyo haupatikani kwa jaribio moja.

Lakini harusi yenyewe jukwaa inalijua. Aliyehudhuria kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa ukoo wa binti, ananielewa: mahema mawili yanatazamana, wasemaji wa pande mbili wanashindana kwa maneno, na ssenga, yaani shangazi wa binti, anapita kati ya wageni akimtafuta bwana harusi, huku kila mmoja akijua amekaa wapi. Kila aliyepo ni mchezaji. Ndiyo maana sehemu ya hadithi inayoniuma zaidi naamini ina nguvu kuliko zote mbele ya watu hai: Tej, jamaa tajiri anayeheshimiwa na kusaidia kwa fedha, alimdhulumu kingono Ria, binamu wa bibi harusi, alipokuwa mtoto, na baba wa bibi harusi inabidi aamue kama atamfukuza mfadhili wake mbele ya ukoo. Wajomba wa namna hiyo kwetu hupewa kiti cha mbele. Nataka ukumbi wa Kampala unyamaze pamoja wakati anaambiwa aondoke.

Jumba letu la Taifa la maigizo lilifunguliwa mwaka 1959, na mchezo wa nyimbo si mgeni pale. Oluyimba lwa Wankoko wa Byron Kawadwa, kwa muziki wa Wassanyi Serukenya, ulituwakilisha kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi, kule Lagos mwaka 1977, na mwaka huohuo Kawadwa akauawa na watu wa utawala wa Amin. Urithi huo unatudai. Siku hizi mchezo mzuri unaonyeshwa wikendi chache, mavazi yanafungwa kwenye masanduku, na basi, umekwisha kabla waandishi hawajajua ulipungukiwa wapi.

Ningeanza na Queen of Katwe ya mwaka 2016, ya Nair huyohuyo, iliyorekodiwa Kampala kwetu. Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe ambaye filamu inasimulia habari zake, acheze sataranji jukwaani na wachezaji wa ngoma wawe kete: askari wanasogea hatua moja, farasi wanaruka, malkia anakata uwanja mzima kwa wimbo mmoja. Uonyeshwe Kampala, halafu Jinja, Mbale na Gulu, na kila mji uuache umebadilika kidogo.