Biskuti za Girl Scouts kwa asiyekula vitu vya wanyama

Dada, umeuliza kama binti yako aliyeacha nyama, maziwa na mayai anaweza kula biskuti zinazouzwa na Girl Scouts, yaani skauti wa kike, hapo Marekani. Thin Mints, zile za chokoleti na mnanaa, mnunulie tu, hazina maziwa wala mayai. Shida iko kwenye zile za siagi ya karanga! Wanaooka ni viwanda viwili, ABC Bakers na Little Brownie Bakers. Peanut Butter Patties za ABC zinamfaa, lakini Tagalongs za Little Brownie, ambazo kwa sura ni pacha wake kabisa, zina maziwa. Samoas, zile za nazi na karameli, nazo ziache, zina maziwa pia. Kabla ya kulipa geuza boksi, chini ya orodha ya viambato utafute neno CONTAINS, yaani “ina”. Ukikuta “milk” (maziwa) hapo, mrudishie muuzaji.