Pumzika kabla tarakimu hazijaanza kupishana

Mdogo wangu unayeanza kazi ya uhasibu, wiki ya kufunga mwezi itakubana mapema: PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) inatakiwa ifike TRA, mamlaka ya mapato, kabla tarehe 7 haijapita, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inangoja tarehe 20, na urari, ile orodha ya salio ambayo pande zake mbili lazima zilingane, bado haujakaa. Hapo ndipo wageni wengi wa kazi hii huacha hata chai ya saa nne, wakidhani wanaokoa muda.

Hawaokoi. Macho yakichoka, 5,400 inaingizwa 4,500, na hiyo 900 utaisaka hadi jioni. (Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, anza kushuku tarakimu zilizopishana nafasi, shika hilo, litakufaa miaka yote.) Makosa haya nimeyaona zaidi kwa watu hodari waliokaa kitini tangu asubuhi bila kunyanyuka kuliko kwa wasiojua kazi.

Usisubiri kichwa kiume. Gawa vocha zako (hati za malipo na mapokezi) kwa mafungu. Ukimaliza fungu moja hakiki jumla, weka alama ya penseli ulipoishia, kisha simama. Mimi fungu la kama saa moja linanitosha. Wapo wanaofuata mtindo wa Mwitaliano Francesco Cirillo, dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika. Ni mzuri kwa kuingiza vocha, ila kwenye usuluhishi wa hesabu za benki, yaani kulinganisha vitabu vyako na taarifa ya benki, naona unakata kazi kabla haijakolea. Ukiachia katikati ya ukurasa wa taarifa ya benki, ukirudi utaanza upya.

Na ukisimama, simama kweli. Kutoka kwenye kompyuta na kuinamia simu si kupumzika. Macho bado yanakaza kitu cha karibu. Nenda dirishani, tazama kilicho mbali, mita sita au zaidi. Tukikodolea skrini tunapepesa macho mara chache, ndiyo maana yanakauka na kuwasha. Nyoosha mgongo, kunywa maji.

Saa ya chakula si hisani. Kwa hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano mapumziko yasiyopungua dakika 60. Usile mezani huku mkono mmoja uko kwenye kibodi. Bosi akiwa na haraka, mwambie kwa heshima mafungu mangapi yamebaki na saa ngapi utayamaliza. Wengi hutulia wakiona kazi imepangwa.