Friza haigandishi, na risiti imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi"

SWALI: Wiki mbili zilizopita nilinunua friza mpya katika duka la mtaa wa Rwagasore, ya kuhifadhia samaki ninaowachukua Kirumba Mwaloni. Tangu siku ya kwanza haigandishi. Risiti ninayo, ila chini imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi". Shemeji anasema nisigombane na muuzaji, nimwite tu fundi aongeze gesi. Nifanyeje? Msomaji, Igoma.

JIBU: Dada, fundi asiiguse friza hiyo. Hata kuifungua mfuniko wa nyuma asifungue.

Ushauri wa "ongeza gesi" ndio unaoua madai mengi yaliyokuwa mazuri kabisa. Gesi ya friza haiishi kwa kutumika kama petroli ya bodaboda. Mfumo wake umechomelewa ukafungwa. Gesi ikipungua, kuna mahali panavuja, na friza ya wiki mbili inayovuja ina kasoro ambayo si yako. Fundi wa mtaani atakata mrija wa kujazia pale kwenye kompresa, achomelee valvu, ajaze kwa kukisia, wakati kibandiko cha nyuma kinataja aina ya gesi na gramu zake. Wapo wanaojaza gesi ya R134a kwenye friza iliyotengenezwa kwa gesi ya R600a. Baridi itakuja siku chache kisha itaondoka, kwa sababu tundu halijazibwa. Na siku ukirudi dukani, muuzaji atakuonyesha mrija uliokatwa aseme umeiharibu mwenyewe. Hapo utakuwa umempa hoja aliyokuwa hana.

Sasa hayo maandishi ya kwenye risiti. Yana nguvu pale unapotaka kurudisha kwa sababu umebadili mawazo: rangi haikupendezi, au imekuwa kubwa kuliko chumba. Sheria haimlazimishi muuzaji kukusikiliza hapo. Kitu kibovu ni habari nyingine. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaofaa kuuzwa, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inamkataza kumpotosha mteja kuhusu haki na dhamana zake. Tena maneno uliyokabidhiwa baada ya kulipa hukuyakubali wakati wa kununua. Ila haki hiyo ya kitu kibovu haihusu kasoro uliyoiona, au uliyopaswa kuiona ulipoikagua, kama mlango uliobonyea. Hiyo huwezi kuidai.

Kinachokubana ni muda. Ukikaa na mali bila kusema unaikataa, unahesabika umeipokea, na dai la kurudisha linageuka kuwa dai la fidia tu. Kwa hiyo anza leo. Toa samaki, sogeza friza mbali na ukuta, hakikisha raba ya mlango inabana, weka baridi ya juu kabisa na uiache saa 24 ikiwa tupu na kipimajoto ndani. Inatakiwa ifike nyuzi 18 chini ya sifuri. Piga picha ya kipimajoto, ya namba iliyo kwenye kibandiko na ya kadi ya waranti. Muuzaji atasingizia umeme mdogo. Fundi umeme apime soketi mbele yako wakati friza inaunguruma, aandike volti alizokuta.

Kisha andika barua nakala mbili: tarehe ya kununua, kasoro, na unachotaka, yaani ubadilishiwe au urudishiwe fedha. Nakala yako igongwe muhuri. Wakikataa kuipokea, tuma picha yake kwa WhatsApp kwenye namba ya duka. Maneno ya mdomo kaunta hayathibitishi kitu. Wakikupiga danadana, peleka nakala hizo Tume ya Ushindani (FCC), ofisi ya Kanda ya Ziwa, hapa hapa Mwanza. Huhitaji wakili.

Na mjihadhari na wanaojitolea "kuongea na duka" kwa asilimia. Watu wa namna hiyo huchukua risiti halisi, na bila risiti huna pa kuanzia, iwe friza, simu au injini ya mtumbwi. Risiti haitoki mkononi mwako, toa nakala. Karatasi ya risiti ya mashine (EFD) hufifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo ipige picha kabla hujalala.