Jibu: Nina namba chache tu, nitajuaje kanuni yake?

Mkuu, umeuliza ukishapata namba tano sita kwa kuhesabu mwenyewe, utajuaje kama kuna mtu alishazipitia. Mimi nakwenda OEIS, ensaiklopidia ya mifuatano ya namba kamili. Neil Sloane aliianza mwaka 1964 akiwa mwanafunzi Cornell, Marekani, akiandika mifuatano kwenye kadi. Mwaka 1996 ikaingia kwenye intaneti, na sasa ina mifuatano zaidi ya 370,000, kila mmoja na namba yake ya usajili. Namba tasa ni A000040. Ni bure, unaandika namba zako kwa mkato katikati, basi.

Ila hakikisha umehesabu sawasawa. Niliwahi kutafuta idadi ya njia za kufunika sakafu yenye upana wa viboksi 3, kila kigae kikifunika viboksi 2. Sakafu ya 3 kwa 2 ina njia 3, ya 3 kwa 4 ina 11. Ya 3 kwa 6 nilikesha nayo kwenye karatasi ya grafu nikapata 40. Nikatafuta 3, 11, 40. Kila nilichofungua hakikuhusu vigae. Nikarudi kwenye michoro, mmoja mmoja. Kumbe nilichora mmoja ambao vigae vitatu vya safu ya chini vimelala mfululizo mwanzo hadi mwisho, nikamsahau pacha wake ambaye safu hiyo iko juu. Zikawa 41. Nilipoandika 3, 11, 41 nikaipata: A001835, vigae vyangu vimetajwa humo, pamoja na kanuni: zidisha namba ya mwisho kwa 4, toa iliyoitangulia. 4 × 41 − 11 = 153. Nilifurahi sana usiku ule!

Ndiyo maana nakuomba usitafute kwa namba mbili tatu. 1, 2, 4, 8, 16 kila mtu atakwambia inafuata 32. Lakini weka nukta kwenye duara, unganisha kila nukta na nyenzake, hesabu vipande vingi kabisa vinavyoweza kupatikana: nukta 5 zinatoa 16, nukta 6 zinatoa 31 (A000127). Ongeza hesabu hadi ufike namba sita au saba. Ukikosa, ondoa ya kwanza ujaribu tena, maana wengine huanzia sifuri na wengine moja.

Na ukiipata, uthibitisho bado ni kazi yako. Ile 4 ya vigae ilinichukua wiki nzima kuielewa inatoka wapi.

Weka namba zako hapa, na useme ulikuwa unahesabu nini.